Chura Aliyevua Kanzu

Mimi ni mpishi wa memsabu mmoja wa Usa River anayefuga chura kwenye beseni la kioo. Amri yake: maji ya mvua tu, sabuni isikaribie. Juzi nikaona beseni lina utelezi, nikalisugua kwa sabuni, kwani mpishi gani asiyejua usafi?

Asubuhi ngozi ya chura ilikuwa inabanduka. Nikakimbilia barazani, mbele ya wageni.

"Memsabu, nisamehe. Chura anachunika."

Akaja, akatabasamu. "Anabadilisha ngozi tu, Elia. Tazama."

Nikainama. Chura aliivuta ngozi kichwani kama mtu anayevua kanzu, akaimeza yote, akabaki anang'aa kama aliyeumbwa sasa hivi. Niliduwaa, nikasahau hata kupumua.

"Lakini Elia," akasema memsabu, "ulikuwa unaomba msamaha wa nini?"