Bahari hadi Bahari, Nyuma ya Dada Mwanaidi

Safari hii ilianza kwa simu ya mama kutoka Tanga. Dada yangu Mwanaidi, muuguzi kaskazini mwa Uingereza, alikuwa amemaliza matibabu ya saratani, na mama hakutaka kusikia kwamba anaishi peke yake huko. "Wewe una likizo. Kamrudishe nyumbani."

Nilipompigia dada, alicheka. "Njoo na miguu yako. Tuvuke nchi kwa baiskeli, bahari hadi bahari. Nikishindwa njiani, narudi na wewe." Nikakubali upesi, maana niliona ushindi ni wangu.

Doha, ninakofanya kazi, wiki chache kabla ya safari. Mimi ni dereva, na nchi hii ni tambarare kama sinia. Kila alfajiri nilitoka mtaani kwetu Najma na baiskeli ya kuazima, nikafanya mazoezi kwa kupanda daraja la magari. Kamau, mlinzi wa Kikenya tunayeishi naye chumba kimoja, alinicheka. "Budaa, hiyo ni flyover tu. Mlima itakunyorosha."

Whitehaven, pwani ya magharibi. Desturi ya njia hiyo ni kuchovya gurudumu la nyuma baharini kabla ya kuondoka. Dada akatazama mkoba wangu uliojaa chupa za maji.

"Shabani, hayo yote ya nini?"

"Jua, dada."

"Jua gani? Huku maji yanatoka juu!"

Kabla ya Keswick tulikuwa tumelowa chapachapa, nami bado nabeba chupa zangu kwa ukaidi.

Baada ya Penrith ukaja mlima wa Hartside. Dada aliupanda polepole, akipumzika kila kona, nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nangoja aseme basi. Mimi ndiye niliyeshuka nikaanza kusukuma. "Pole, mdogo wangu," akasema bila kejeli, akanipokea chupa tatu.

Jioni, kijijini ng'ambo ya mlima, dada alimweleza bibi mwenye nyumba ya wageni kuwa mmoja wetu ametoka kuugua. Bibi wa watu akaniletea mimi supu na mto wa kuegemeza miguu. Dada alicheka hadi akashika mbavu.

Sunderland, pwani ya mashariki. Nilipofika, dada alikuwa ameshaingiza gurudumu la mbele majini na kuvua kofia. Nywele zilizoondoka na dawa zilikuwa zimeota tena, fupi, za kipilipili. Alikuwa analia. "Nimefika, Shabani." Nami nikalia, wala sioni haya kusema. Nilikuja kumchukua mgonjwa, nikamkuta mzima.

Nimerudi Doha na magoti yaliyovimba. Nimejifunza kwamba mtu akisema amepona, usimbishie kwa sababu ya hofu yako. Ikabaki kumweleza mama.

"Mmefika?"

"Nimefika Doha, mama. Peke yangu."

"Peke yako! Si nilikutuma kumfuata dada yako?"

"Nilimfuata, mama. Nchi nzima nilimfuata, sikumfikia."

Nikamsikia akipenga kamasi.

"Haya, mwache akae," akasema. "Ila mwambie avae sweta."