Nilipokuwa Nikiita Siku Bondeni

Mwaka ule tulikula viazi vitamu. Asubuhi viazi, mchana viazi, na jioni mtu akisema kwake kunapikwa kitu kingine, tulijua anajisifu tu. Mvua ya mawe ilikuwa imeyakuta mahindi yakitoa ndevu, ikayalaza chini kama nyasi zilizolaliwa na ng'ombe. Ilikuwa katika miaka ya tisini. Mwaka wenyewe hasa, waulize waliosoma. Mimi naukumbuka kwa tumbo. Viazi vilikuwa chini ya udongo, mawe hayakuvifikia, na watoto wote wa upande wetu wa Kimulot walivimba mashavu kama wanapuliza moto.

Chai nayo ilichapwa. Mashamba yalibaki vijiti vitupu, na harufu ya majani yaliyopondwa ikakaa hewani siku nyingi, kana kwamba mtu amepika chai ya dunia nzima kisha akasahau kuinywa. Nilikuwa natembea katika harufu hiyo nikijiona kama niko usingizini na miguu ndiyo inayoniota.

Sisi wanawake wa kile kilima tulikuwa na kikundi. Leo tunachuma chai kwa huyu, kesho kwa yule. Haikuwa chai peke yake. Kulikuwa na kukandika nyumba, kutafuta kuni, kumpikia aliyejifungua, kupokea wageni wa posa, ile tunayoiita koito. Kila mtu alikuwa na siku yake, na siku zote zilikaa kwenye kalenda moja, iliyopigiliwa ukutani katika banda la kupimia majani. Kalenda yenyewe tulipewa na mwenye duka, mtu aliyehamia kwetu kutoka Murang'a. Ilikuwa na picha ya mlima wa theluji na farasi mweupe anayekunywa maji. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukutana na farasi. Tulimpenda hivyo hivyo.

Mimi ndiye niliyeishika ile kalenda. Shule nilifika darasa la pili, nikaitwa nyumbani kuchunga ndama, na ndama hawakunifundisha kuandika. Kwa hiyo nilichora kwa mkaa. Jani, ni kuchuma. Nyumba, ni kukandika. Kibuyu, ni koito. Mama mwenyekiti wetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, alikitazama kibuyu changu cha kwanza akasema, "Wewe, hii ni bata."

"Basi siku ya bata ulete maziwa," nikamwambia.

Lakini kuchora siku si kazi. Kazi ni kukumbusha. Ukimkumbusha mtu mapema mno, anasahau tena. Ukichelewa, anakuja mikono mitupu na mdomo umejaa pole. Siku ya kuchuma unamwambia jana yake jioni, inatosha, kikapu kiko nyuma ya mlango. Siku ya kukandika unamwambia mapema kidogo, akusanye mavi ya ng'ombe. Koito ndiyo ngumu, kwa sababu mursik, maziwa yetu ya mgando, haiamrishwi. Maziwa yanaingia kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa, yanalala humo siku kadhaa, na yenyewe ndiyo yanaamua lini yatakuwa mursik. Mtu wa koito usipomkumbusha wakati maziwa bado yako ndani ya ng'ombe, umemwangusha.

Nilikumbusha kwa kuita. Juu ya kijito chetu kuna mwamba, na jua likianza kuzama ukungu unateremka kutoka msitu wa Mau, unajaza bonde kama maziwa yanayofurika sufuriani. Nilisimama pale nikaita. Desturi yetu ni kwamba ukisikia lazima uitikie, kisha upeleke maneno kwa wa mbele yako. Aliyesikia akanyamaza tunasema huyo ameshakufa, na kesho yake tunaenda mlangoni kwake kuuliza atazikwa lini. Basi sauti yangu iliingia kwenye ukungu, ikachukuliwa na sauti nyingine, na nyingine, hadi ng'ambo kabisa. Watu huwaoni. Unasikia tu kilima kikijibu kilima. Mara nyingine nilibaki pale hata baada ya mwitiko wa mwisho, nikifikiri zile siku zangu za mkaa zimetoka ukutani na sasa zinatembea zenyewe kwenye njia za chai, kila moja inatafuta nyumba yake.

Ng'ambo ya kijito aliishi mjane mmoja na binti yake. Mvua ya mawe ilikuwa imeubambua udongo wa kuta zake, nyumba ikabaki mbavu nje. Shemeji zake walikuwa wa kula, si wa kusaidia. Watu wa kijana aliyetaka kumwoa binti yule walitangaza siku watakayokuja, nami nikachora kibuyu kwenye chumba cha siku hiyo, na nyumba ndogo kwenye chumba kinachokitangulia. Tungemkandikia, tungemletea mursik, tungemjazia nyumba watu. Maana wageni wa koito wakikuta boma tupu, wanasema msichana huyu hana wenyewe. Wanakunywa, wanashukuru, wanaenda, na huwaoni tena. Mjane alilijua hilo. Kila alipopita bandani alisimama mbele ya kalenda, akakigusa kibuyu kwa ncha ya kidole, taratibu, asikifute.

Kisha chai ikafufuka. Ikichapwa vile hukaa kimya, halafu huamka yote pamoja. Mashamba yote ya kilima yaliota siku zile zile, mabichi, laini, yanang'aa kwa umande hadi macho yanauma. Na barabara ilikuwa tope, lori lilikuwa halijafika kwa muda. Karani wa majani akatuletea habari kwamba lori litakuja, na siku aliyoitaja ilikuwa ile ya kibuyu.

Wanawake wakanizunguka bandani.

"Mama Kalenda," mwenyekiti akaanza kwa sauti tamu, nikajua kuna jambo, "si ungesogeza hii bata yako kidogo?"

"Wageni wa watu utawasogeza wewe?"

"Majani hayangoji! Yakipita hiyo siku yatakuwa magumu, karani atayamwaga. Tumekula viazi mpaka tunatoa mizizi, na wewe unatuambia habari ya posa!"

"Futa tu," mwingine akasema. "Ni mkaa. Mate kidogo, imeisha."

Walicheka. Sikucheka. Niliitazama ile kalenda, na nasema kweli, vyumba vyake vilikuwa kama mashamba madogo yaliyopakana, na katika kile kimoja nilimwona binti wa watu amesimama na kitambaa kipya, anatazama njiani.

"Siku ya mtu mimi sifuti," nikawaambia. "Mkitaka iondoke, bomoeni ukuta."

Wakaondoka wakinung'unika. Siku za maziwa zikafika. Jioni nilipanda mwambani, ukungu ukiwa mzito hata kijito chenyewe kilisikika kama kinapita mbali, katika nchi ya watu wengine. Nikaita: "Maziwa ya koito! Wekeni maziwa kwenye vibuyu!"

Kimya.

Nikaita tena. Kimya kile kilinikaa mwilini kama nguo mbichi. Nilijua wako pale, ndani ya ule weupe, kila mmoja kwenye mlango wake, amesikia, anashindana na ulimi wake. Nikaita mara nyingine, na nikaongeza: "Mmekufa wote? Nichimbe makaburi mangapi?"

Hapo sauti ya kengele ikalipuka kutoka chini. "Tumesikia! Wacha kutupigia kelele kama kanga! Maziwa nitaweka, lakini nimekasirika!"

"Kasirika, bora uweke!"

Halafu mwingine akaitikia, na mwingine juu yake, na wa mbali ambaye ni uzi tu wa sauti. Maneno yakaenda hadi ng'ambo. Nikateremka mwambani.

Nilidhani yamekwisha. Kesho yake nilipofika bandani nilimkuta mjane mwenyewe amesimama kando ya kalenda, khanga ameishika kifuani, na mwenyekiti yuko nyuma yake.

"Dada," mjane akaniambia, "futa."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nimesikia jana walivyoitikia. Watakuja na roho chungu. Mtu akikandika nyumba yako akifikiria majani yake yanayoharibika, huo udongo utashika kweli? Acha wachume. Mimi nitawaambia wageni kwamba tulipatwa na jambo."

"Na wakiuliza jambo gani?"

Akaigeukia kalenda, akakitazama kibuyu.

"Unaona?" mwenyekiti akasema, na safari hii hakuwa na ukali, hata hakunitazama usoni. "Mwenye siku mwenyewe amesema. Sasa si umpe?"

Mjane akalowanisha kidole ulimini, akakiinua kuelekea ukutani. Nikamshika mkono. Ulikuwa mwepesi, mgumu kwa kuchuma, na wa baridi kama ukungu wenyewe. Nje majani mabichi yalikuwa yanang'aa hadi juu mlimani, mazuri ya kukuponza, na kila kikapu kilimtaka mwenyewe. Nikasimama kati yake na kalenda, mgongo wangu ukiwa kwenye farasi mweupe, nikawaambia wote wawili:

"Siku ya mtu mimi sifuti. Mkitaka iondoke, bomoeni ukuta."