Mafuta ya Bibi Arusi na Pont ya Urbain Mathe

Mjini Butembo, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, ukitaka kumuudhi Urbain Mathe ulihitaji jambo moja tu: kusema kwamba Peugeot yake 403 ni kuukuu. Angekutazama kuanzia viatu hadi kofia, kisha angekuuliza, "Yako iko wapi?" Ni kweli mlango mmoja ulifungwa kwa kamba, na rangi ilikuwa imebaki mahali pasipopigwa na jua tu. Lakini gari lile halikuwahi kulala njiani, na Urbain alijivuna nalo kuliko watu wanavyojivunia mbuzi wao. Nani wa kumlaumu? Mwenye chake ana haki ya kuringa.

Aliachiwa gari hilo na mlowezi wa kahawa, Mzungu ambaye yeye alikuwa dereva wake, siku Wazungu walipofungasha. Pamoja na funguo alirithi sheria moja: pont ya gari hili, yaani lile boga la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma, si kama pont ya lori. Ndani yake mna gurudumu la shaba linalosukumwa na parafujo nene ya chuma. Linataka mafuta yake maalumu. Mafuta makali ya malori, yale yanayonuka kiberiti, huila shaba polepole mpaka meno yakaisha.

Basi kila alipomaliza kupanda mlima, Urbain alisimama, akaingia chini ya gari, akaweka kiganja kwenye pont na kusali Salamu Maria. Kiganja kikivumilia mpaka mwisho, safari iliendelea. Kikiruka kabla ya kufika "Maria Mtakatifu", gari lilikuwa na homa, na watu wote walingoja lipoe. Akina mama wa Kirumba waliopanda na maharagwe na vitunguu vyao walikwisha kuzoea. Walikaa juu ya mizigo, wakasikiliza sauti kutoka uvunguni, wakaitikia "Amina".

Waasi walipoingia mwaka wa sitini na nne, walitafuta kila kitu chenye magurudumu. Urbain aliyang'oa ya kwake, akamwaga mafuta ya pont katika chungu, akalifunika gari kwa mabua ya mahindi nyuma ya nyumba. Gari hawakuliona. Waliona chungu, wakaenda nacho kusafishia bunduki zao, na Urbain alikililia chungu kile kwa machozi ya kweli.

Waasi walifukuzwa, barabara ya Beni ikafunguliwa, lakini maduka yalikuwa matupu. Mafuta ya pont hayakupatikana popote. Jirani yake, Zorobabel, mwenye 403 kama yake, hakusumbuka. Alitia mafuta ya malori ya jeshi, akamcheka mwenzake: "Urbain, muchaguzi wa jembe hapana mulimaji!" Alilima kweli, mpaka gari likaanza kulia kama nguruwe karibu na Kirumba. Walipofungua pont, mafuta yalitoka yakimetameta kwa unga wa shaba. Tangu hapo gari la Zorobabel lilikaa juu ya mawe, kuku wakitaga ndani.

Sasa kumbe Urbain alikuwa ameapa. Siku ya kupokea mbuzi wa mahari ya binti yake Clémence, mbele ya koo zote mbili, alisimama akasema kwamba Clémence ataingia Beni ndani ya gari la baba yake. Bwana arusi, Apollinaire, alikuwa karani wa serikali, mtu wa Kasai aliyepangiwa kazi Beni. Juma la arusi lilipofika alikuja mwenyewe na bidoni ya mafuta ya malori ya jeshi mkononi, kwa heshima zote.

"Papa, hii mafuta ni ya nguvu. Camion ya basoda inapanda nayo milima yote."

Urbain alifungua, akanusa, akafunga, akashukuru kwa Kinande. "Wasingya, mukwe wangu. Mais hii ni dawa ya ng'ombe, na mugonjwa wangu ni kuku."

"Donc, camion yenyewe itakuja kubeba bibi arusi. Chef alishaniitikia."

"Mutoto yangu hapana mufuko ya maharagi," alijibu Urbain, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kusema hivyo ni rahisi. Baada ya mkwe kuondoka, Urbain aliketi kwenye kizingiti akaona aibu inamjia mbiombio. Ndipo alipokumbuka. Siku za vita vya Wazungu, mafuta ya Ulaya yalipokosekana, gereji ya mlowezi ilitia magari ya namna hii mafuta ya mbarika, na shaba ilistarehe. Na mbarika ilikuwapo. Ilikuwa ndani ya kibuyu kwa dada yake Vagheni, aliyetwanga na kuchemsha mbegu zake kwa mkono wake mwenyewe, kwa ajili ya ngozi ya Clémence. Asubuhi ya kuondoka, shangazi humpaka bibi arusi mwili mzima, afike kwa wakwe aking'aa, wasije wakasema ameokotwa barabarani.

Vagheni alikumbatia kibuyu. "Urbain, uko muzima? Unataka kupakala gari mafuta ya mutoto?"

"Atang'aa, sawa. Atafika na nini?"

"Afike na camion! Shida ni kichwa yako nguvu!"

Walipigiana kelele mpaka majirani wakaja kusikiliza bila kujificha. Clémence ndiye aliyewanyamazisha. "Tante, mupatie Papa. Ngozi kavu nitavumilia, mais hapana kushuka mu camion ya basoda mbele ya kanisa." Akamgeukia baba yake. "Papa, hii mafuta ni yangu. Utanirudishia kule Beni."

Urbain aliosha pont kwa mafuta ya taa hadi ikawa kavu kabisa, kwa kuwa mbarika haipatani na mafuta mengine, kisha akamimina kibuyu chote. Siku ya arusi aliendesha polepole, Zorobabel akiwa nyuma miongoni mwa wasindikizaji, masikio yamesimama. Milima ya Kabasha ilipita. Kwenye kizuizi askari aliona suti inatokeza chini ya gari, akamuuliza kwa Kilingala anafanya nini, "Tata, ozosala nini?"

"Ninapima homa," alijibu Urbain, na wasindikizaji wakaitikia "Amina".

Mbele ya kanisa la Beni, Apollinaire alisimama na wenzake wa ofisini, na lori la jeshi limeegeshwa pembeni kwa tahadhari. Urbain alizima injini, akaingia chini, akasali polepole kuliko padri yeyote. Kiganja hakikutikisika. Alitoka magoti yakiwa mekundu kwa matope, kifua kimemjaa furaha.

"Papa," alisema Clémence, "mafuta yangu."

Watu walidhani anatania. Urbain alichukua ufunguo, akafungua bouchon, kile kizibo cha pont, akachovya kidole, akakiinua juani. Mafuta yalikuwa safi, hayana hata chembe ya shaba. Alimwonyesha Zorobabel kwanza, kwa makusudi.

Alipotaka kumpaka binti yake, Vagheni alimshika mkono. "Hii ni kazi yangu." Akayafuta mafuta yale kutoka kidoleni mwa kaka yake, yangali na uvuguvugu wa safari, akampaka Clémence kwenye paji la uso na viganja vyote viwili. Kisha bibi arusi akaingia kanisani aking'aa.