Ombi Nililoongeza

Jana umeme ulikatika hapa Kihonda. Uliporudi nikazima mshumaa, na moshi wa utambi ukanipeleka kwenye kanisa letu kule Uluguru, siku ya komunyo yangu ya kwanza.

Mama hakuruhusiwa kukomunika kwa sababu baba hakutaka kufunga ndoa. Kila Jumapili alibaki kwenye benchi la nyuma wenzake wakienda mbele. Baba alilima ardhi ya ukoo wa mama, akala mahindi yake, na padri akimuuliza, alicheka: "Tukivuna tu, Baba Paroko." Tukavuna, tukavuna tena.

Siku ile tulipanga mstari mlangoni na mishumaa yetu, naye baba akasimama palepale, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

"Ingia basi, baba watoto," mama alimwambia taratibu. "Mwanao anasoma maombi."

"Nitasikia hapahapa. Kwani Mungu kiziwi?"

Wanaume wenzake wakacheka.

Niliogopa sana kukosea, kwa hiyo nilikuwa nimejifunza hadi mahali pa kuvuta pumzi. Niliyasoma maombi yote bila kosa, na waumini wakaitikia kila moja. Kisha nikaongeza langu.

"Kwa ajili ya baba aliyesimama mlangoni. Amwoe mama kanisani, au arudi kwao. Ee Bwana..."

Hakuna aliyeitikia. Baba alikuwa ameacha kucheka. Nilimkazia macho bila huruma, na hata leo sina.

Ndipo mama, peke yake, akaitikia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Twakuomba utusikie."