Nilivyonyamaza Kama Yule wa Sinema

Nilijibu posa kwa njia niliyojifunza kwenye sinema ya shujaa arukaye, na matokeo ya ujinga huo, hivi ninavyoandika, yamejinyoosha uani juu ya mkeka yakikoroma. Ni mume wangu.

Tulikuwa tukikaa Likoni, miaka ya themanini ikiishilia. Jirani yetu, mama mtu mzima, aliletewa video na mwanawe aliyekuwa Uarabuni, basi baada ya alasiri wanawake wa mtaa tulijazana sebuleni kwake. Mfasiri nilikuwa mimi, kwa kuwa nilifika kidato cha nne, na kwa kuwa sikuwa na pa kwenda. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kuvuka feri kwenda mjini kununua kitambaa, kwangu ilikuwa safari ya kuagwa.

Siku hiyo shujaa alipaa angani, akalizuia gari moshi kwa mkono mmoja. Hakuna aliyeguna. Kisha akampeleka mpenzi wake juu ya ghorofa, akamwomba waoane. Yule mwanamke akatazama taa za mji, kimya, chozi likamdondoka. Shujaa akaelewa kwamba hataki, maana ana baba mgonjwa, naye hawezi kumwacha. Akaruka zake. Nililia mpaka nikasahau kufasiri.

"Yuasemaje?" jirani akauliza.

"Hasemi kitu. Amemkataa."

"Kwa kimya?" Akaweka kikombe chini. "Kuruka nimekubali. Gari moshi nalo nimekubali. Lakini mwanamume anyamaziwe, aelewe? Hapo wametudanganya."

Wenzangu wakacheka. Nikamwambia hajui mapenzi ya kweli. Mimi nilikuwa msichana ambaye hajaposwa, kwa hivyo niliyajua yote.

Haukupita muda, posa ikaja. Ilikuwa ya fundi aliyekuwa akija kuisafisha ile video ilipoanza kuonyesha chenga. Alizoea kunitania kwamba nafasiri maneno mengi kuliko wanayosema waigizaji, nami nikimjibu mpaka anaangusha bisibisi. Shida ilikuwa kwao, Kisauni: uvuke feri, uupite mji mzima, kisha daraja. Na mamangu nitamwachia nani? Nikaamua kumkataa, lakini kwa uzuri, kama yule wa ghorofani.

Wazee walipoketi barazani, shangazi aliingia chumbani kuniuliza kama nimeridhia. Nikageukia dirisha. Taa za mji hazikuwapo, palikuwa na banda la kuku. Nikatazama kuku. Chozi likakataa kuja, nikamkumbuka paka wetu aliyekufa, likaja. Shangazi akauliza tena. Kimya.

Kwetu, mwari akiulizwa akanyamaza, ameridhia. Hilo tulifundishwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani tungali wadogo, na mtaa mzima ulilijua isipokuwa mimi, siku hiyo moja, kichwa kimejaa sinema. Shangazi akatoka akawaambia, "Kanyamaza, na machozi juu." Vigelegele vikapigwa mpaka kuku wakatawanyika. Fatiha ikasomwa, halua ikakatwa. Ningeweza kutoka nikasema neno. Nilikaa kitandani nikisikiliza, na sijui kwa nini, nikaomba niletewe kipande cha halua.

Mamangu, ambaye nilikuwa najitoa mhanga kwa ajili yake, alikuwa keshachagua chumba atakamolala kwa mkwewe.

Jioni nilikwenda kwa jirani kulalamika. Nilimkuta uani, amekalia mbuzi, akikuna nazi. Nikamweleza yote: kwamba kimya changu kilikuwa cha kukataa, kwamba naolewa kwa bahati mbaya, kwamba yule shujaa angenielewa. Alikuna nazi mpaka kifuu kikabaki kitupu, ndipo akaniangalia.

"Wewe hujanyamaza tangu uzaliwe," akasema, "hata jeneza likipita wewe wasema. Ungekuwa humtaki, wale wazee wangekusikia tangu wako kwenye feri."