Ekose Ni Mimi

Siku hiyo Skotilandi, ambayo sisi huku Kongo tunaiita Ekose, ilikuwa inacheza mpira kwenye televisheni. Kaka yangu, bingwa wa mambo yasiyomhusu, akatangaza kwamba Ekose si nchi, ni kipande tu cha Uingereza. Tonton, mjomba wetu wa Uvira, ambaye babu zake walitoka Zanzibari, akawaka kana kwamba ametukanwa yeye. Wakabishana mpaka sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikapoa.

Papa alikuwa na wake wawili katika parsele moja, kiwanja chenye lango moja, pale mtaani Muhumba, kila mmoja na jiko lake. Maman, mama yetu, aliyepika sombe hiyo, akachoka nao.

“Munapiga kelele bure,” akasema. “Mimi niko na jiko yangu, na hata papa yenu anabisha hodi mbele ya kuingia. Lakini ufunguo ya mulango kubwa iko kwake. Basi Ekose ni mimi.”

Papa akajifanya kutazama mpira. Angesema nini, na siku hiyo alikuwa analishwa na Ekose?

“Na Kongo, maman?” nikauliza.

“Kongo iko na jiko, iko na ufunguo,” akajibu. “Lakini majirani ndio wanapakua.”