Mchawi Anaomba Kutubu

Jumanne, kwenye duka la khanga Kariakoo, bibi mmoja mwenye uso wa upole, kando yangu, aliomba kuona doti nne. Muuzaji akamsogezea kwa ncha ya rula ya kupimia vitambaa, kama anayemlisha mamba.

"Bibi, si wewe uliyepaa na ungo kwenye ile filamu?"

"Nilining'inizwa kwa kamba, baba. Kiuno kinaniuma mpaka leo."

Muuzaji akarudi nyuma hatua moja. Bibi akampigia simu mwongozaji wa filamu.

"Mwanangu, sehemu ya pili nifanye nitubu. Mjukuu wangu anaolewa Ijumaa, na wakwe wamesema nisikanyage jikoni wala nisimguse bibi harusi. Itoe kabla ya Ijumaa, nakuomba."

Akasikiliza, kisha akashusha simu. "Anasema mchawi akitubu, sehemu ya tatu haina mnunuzi."

Filamu zetu zikitaka mchawi, humtafuta bibi wa watu, zikamvika kaniki na kumpaka unga usoni. Mchawi kijana mwenye suti na tai sijamwona bado.

"Kaka, yule anaigiza tu," nilimwambia muuzaji, kwa sauti yangu ya chuo kikuu. "Acheni ujinga."

Bibi akanishukuru, akamwinamia mwanangu niliyempakata, akanyoosha mkono kumgusa shavu. "Mashallah, mtoto mzuri."

Kabla sijafikiri, mkono wangu ulishamfunika mtoto uso kwa mtandio.

Bibi akaurudisha mkono wake taratibu.

"Kumbe na wewe umeiangalia," akasema.